Joto la watu, na udongo umepotea: juu ya filme "Incoming" ya Richard Mosse

Wandugu, kama umewahi kuona kwenye telefoni foto ya askari amesimama kwenye kilima cha Kivu na majani yote yamekuwa roze sawa bonbon, basi kazi ya Richard Mosse umeisha kuiona, hata kama jina lake halikuambii kitu. Ni mtu wa Ayalandi, alizaliwa 1980. Ile kazi ya roze inaitwa The Enclave. Mwaka wa 2013 aliipeleka Venice, Italia, kwenye biennale, akisimamia nchi yake. Ilisifiwa sana, na wengine waliikasirikia sana, wakisema kwamba alipaka vita yetu rangi ya harusi. Leo sitaki kufungua tena hiyo kesi yote. Ninataka tuongee juu ya ile aliyofanya nyuma yake, Incoming, ya mwaka wa 2017, juu njo hiyo inaleta swali gumu zaidi, na juu chombo alichotumia kinaanza kufika mpaka kwenye kuta za miji yetu: kamera ya joto, ile ya kutazama watu usiku.

Kwanza tutenganishe vitu viwili, maana kwenye komanteri watu wanavichanganya kila siku. The Enclave haikupigwa na kamera ya joto. Ilipigwa na filme ya Kodak, jina lake Aerochrome, ambayo Kodak yenyewe iliacha kuitengeneza mwaka wa 2009. Ile filme inashika mwanga wa jua ambao jicho letu haliuoni, ule ulio pembeni tu ya rangi nyekundu. Sasa, jani lenye afya lina tabia moja. Mwanga mwekundu linaukula, linautumia kutengeneza chakula chake. Ule wa pembeni linarudisha sehemu kubwa, juu seli zake za ndani zinautupa nje. Sisi wa agronomia tunaishi na hiyo hesabu. Satelaiti zinatupimia mashamba kwa njia hiyo hiyo, ile NDVI tuliyokariri mpaka kichwa kikauma. Jeshi liliipenda filme hii kwa sababu ingine: ukificha gari la vita chini ya rangi ya kijani ya kopo, jicho linadanganyika, filme haidanganyiki. Jani linatoka roze, kopo inabaki na rangi ya kopo.

Njo maana mimi sikubali kabisa wakati wahakiki wa Ulaya wanaandika kwamba ile roze ni ndoto, ni nchi ya kufikirika. Ile roze ni mihogo. Ni maharage, ni migomba, ni eukaliptusi, ni nyasi za ng'ombe. Ukizisoma zile foto sawa mtu wa shamba, unaona kitu kinachouma kuliko bunduki zenyewe: mbele kuna vita, na nyuma mmea unaendelea kula mwanga sawa hakuna kitu. Pale roze iko kali, majani ni mazito. Pale inakatika, udongo uko uchi: njia, kambi, kilima kilichokatwa miti. Mosse alitafuta namna ya kuonyesha vita ambayo dunia haitaki kuiona. Bila kutangaza, alituletea pia hali ya mashamba ya Kivu. Watetezi wake na maadui wake waligombana juu ya uzuri wa rangi, na hakuna aliyeuliza rangi hiyo inatoka wapi.

Incoming ni kitu ingine kabisa. Kamera yake haingoji jua, haingoji mwezi, haiombi taa. Kila kitu chenye joto kinatoa mionzi chenyewe, mchana na usiku: jiwe, ng'ombe, injini ya mashua, shavu la mtoto. Kamera inashika ile mionzi, inageuza tofauti za joto kuwa nyeusi, kijivu na nyeupe. Ile aliyopata Mosse ilitengenezwa na kampuni ya silaha ya Ulaya, na inaweza kugundua mwili wa mtu kwa umbali wa kilomita 30.3. Hebu fikiria: ni zaidi ya Goma mpaka Sake. Sheria za biashara ya silaha zinaihesabu kuwa chombo cha vita. Huwezi kupanda nayo ndege na kuvuka mpaka bila karatasi za kusafirisha silaha. Msanii mwenyewe alisema wazi kwamba alitaka kukigeuza chombo hicho dhidi ya kazi yake, kutazama wakimbizi kwa jicho lile lile linalowawinda, ili mtazamaji wa Ulaya aone serikali yake inamuonaje mtu anayekuja.

Pamoja na Trevor Tweeten aliyeshika kamera, na Ben Frost aliyetengeneza sauti, Mosse alifuata njia mbili: moja kutoka Mashariki ya Kati kupitia Uturuki na Ugiriki, ingine kutoka Afrika kupitia Sahara na bahari. Dakika 52, ekrani tatu kubwa. Watu waliitazama Barbican, London, mwanzoni mwa 2017. Jina lenyewe lina ncha mbili. Kwa Kiingereza ni neno askari wanapiga kelele wakati bomu linakuja juu yao, na tena ni neno la mtu au barua inayofika. Mkimbizi na bomu, neno moja. Hapo Mosse hakukosea. Mimi nimeona vipande vilivyo kwenye intaneti na foto za kitabu, tena kwenye telefoni, kwa hiyo nguvu ya sauti ndani ya ukumbi ninawaachia waliokuwa pale. Nitaongea juu ya kile kamera inafanyia mwili.

Kitu cha kwanza unachokiona: rangi ya ngozi inapotea. Ngozi ya Msenegali, ya Msiria na ya muokoaji wa Ugiriki, zote zinatoa joto karibu sawa, na kamera haijali rangi iliyo juu yake. Dakika za kwanza unafurahi. Kumbe iko kamera moja duniani isiyo na ubaguzi! Polepole furaha inakatika, juu unaelewa kwamba kamera hii haibagui kwa sababu haina haja na wewe ni nani. Inataka paka joto lako. Macho yanakuwa madoa, uso unakuwa sawa udongo wa mfinyanzi uliolowa, na mtoto anayecheza mpira ndani ya kambi anakuwa doa linalokimbia. Mama yake mwenyewe asingemtambua.

Kuna sehemu moja ambapo filme inashinda, na lazima niiseme mbele ya lawama zangu. Watu wametolewa baharini karibu na kisiwa cha Lesbos, baridi imeingia ndani ya mifupa. Waokoaji wanawasugua, wanawafunika. Na kwenye kamera, kila mkono unapoondoka unaacha alama yake: kiganja na vidole vinabaki vinang'aa kwenye mwili baridi, halafu vinazimika polepole. Hapo chombo cha vita kinasema kitu ambacho kamera ya kawaida haiwezi kusema. Unaona joto linatoka kwa mtu mmoja linaingia kwa mwingine. Kwetu kijijini tunasema mtu amepoa wakati amekufa. Basi hapa unamuona mtu anakataa kupoa, kwa mikono ya mtu asiyemjua. Ile sehemu iko filme nzima. Ingekuwa mimi, ningemlipa Mosse kwa hiyo peke yake.

Lakini kuna zingine. Kuna mtu amepiga magoti anasali, yuko mbali sana, anafikiri yuko peke yake na Mungu wake. Kamera iko kilomita kadhaa nyuma ya kilima. Kuna foto zingine za kazi hiyo hiyo, Heat Maps, zilizopata tuzo ya Prix Pictet mwaka wa 2017: kambi nzima imepigwa kutoka juu, vipande mamia vimeunganishwa kuwa foto moja ndefu. Hema, majiko, nguo za kuanika, foleni ya chakula. Ni nzuri, ndiyo. Juu vipande havikupigwa kwa dakika moja, saa mbalimbali zimeshonwa pamoja ndani ya siku moja ya uongo. Kwenye zile hema, nani aliulizwa? Watetezi wa Mosse wanajibu kwamba nyuso hazionekani, kwa hiyo heshima ya watu imelindwa. Jibu hilo ni la mawakili. Kama ukinipiga filme nikioga na ukafuta uso wangu, umelinda jina langu, mimi hujanilinda. Na ajabu ni kwamba alitaka kutuonyesha ubaya wa kutazama mtu bila yeye kujua, na njia aliyochagua ni kutazama mtu bila yeye kujua. Wengine wataniambia njo nguvu yenyewe ya kazi, kwamba mtazamaji lazima ajisikie mchafu. Sawa. Lakini yule anayesali hakuomba kuwa somo la uchafu wetu.

Sasa nije kwenye kitu ambacho wahakiki niliowasoma hawakukigusa, na ambacho mtu wa agronomia hawezi kukipita. Kwenye Incoming, udongo umepotea. Angalia nyuma ya watu: kijivu. Shamba, jangwa, barabara ya lami, bahari, vyote vinalingana karibu na joto moja, vinakuwa ukuta mmoja wa kijivu, na watu wanaelea juu yake. Kwenye The Enclave udongo uliongea kwa sauti kubwa kuliko watu. Hapa miili imebaki, na mahali pamekufa. Na mkimbizi ni nani, kama si mtu na mahali pake alipoondolewa? Kitabu cha filme kina maandishi ya Giorgio Agamben, mwanafalsafa wa Italia, anayejulikana kwa wazo la maisha matupu: mtu aliyevuliwa haki zote mpaka akabaki mwili unaopumua. Ninaelewa kwa nini walimualika. Lakini hakuna mkimbizi anayefika akiwa mwili mtupu. Anafika na kazi ya mikono yake. Anajua mbegu gani inapandwa kabla ya mvua ya kwanza, namna gani ya kumsaidia mbuzi kuzaa, namna ya kutengeneza jibini. Wale waliokimbia Masisi tunawajua. Ukikaa nao saa moja wanakuhesabia kilimo chote cha kilima chao. Kamera ya joto haiwezi kushika hiyo, hilo si kosa lake. Kosa ni la msanii aliyetuaminisha kwamba kile kamera inakosa hakikuwako.

Na ujue kwamba kamera ile ile, kwenye shamba, inafanya kazi ya heri. Wakati mahindi yanakosa maji, jani linafunga vile vitundu vyake vidogo linavyopumulia, ili lisipoteze maji. Likifunga, haliwezi tena kujipoza kwa kutoa jasho, na joto lake linapanda. Ukipita na kamera ya joto unaona sehemu ya shamba yenye kiu mbele ya jani kuanza kujikunja, mbele ya jicho la mkulima mwenyewe. Unaelekeza maji pale. Kwa hiyo joto la mmea ni kilio, na anayekisikia anafungua mfereji. Joto la mtu kwenye mto Evros, pale Ugiriki inapopakana na Uturuki, nalo linaonekana kutoka mbali kwa kamera za namna hii, na anayeliona anatuma gari la polisi. Mimi sisemi nchi zisilinde mipaka yake. Ninasema chombo hakikuandika hiyo amri ya gari, mtu aliiandika. Incoming inakaza macho kwenye chombo mpaka inamsahau mtu huyo.

Hapa mjini, wandugu, hii si hadithi ya mbali. Kampuni za ulinzi zinaanza kuuza kamera hizi kwa wenye depo, wenye mashamba makubwa, wenye kareri za madini. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba ya kwake inaona mtu nyuma ya ukuta. Uongo mtupu. Kamera ya joto inaona joto la uso wa kitu. Ukuta ukiwa mbele, inaona ukuta. Hata dirisha la kioo linaiziba: mtu aliyesimama nyuma ya kioo safi, zile za bei ndogo hazimuoni. Majani mazito yanaficha, mvua kubwa inapunguza, na kuna dakika za asubuhi na za jioni ambapo udongo na mwili vinakaribiana joto na kila kitu kinachanganyika. Anayetaka kununua akumbuke hayo mbele ya kutoa dola zake.

Na kuna jambo zito kuliko dola. Mwaka wa 1958, kwenye maabara ya jeshi la Marekani, mtaalamu mmoja anayeitwa John Johnson alipima jicho la mtu linahitaji ufafanuzi gani ili kufikia hatua mbalimbali: kugundua kwamba kuna kitu, kutambua ni kitu cha aina gani, mtu au gari, kujua sawasawa ni kipi. Hatua hizo zinatumika mpaka leo. Ile kilomita 30.3 ya kamera ya Mosse ni ya hatua ya kwanza, kugundua tu. Ili kujua ni nani, lazima usogee karibu mara nyingi zaidi. Kati ya "kuna kitu chenye joto" na "ni mwizi" kuna kilomita nyingi, na ndani ya hizo kilomita anapita mchimbaji wa mikono, anapita mama anayewahi soko saa kumi za usiku, anapita mlevi aliyepotea njia. Mlinzi mwenye bunduki na ekrani ndogo anaona doa jeupe, na doa halina pasi ya kusafiria. Incoming ingekuwa na nguvu mara mbili kama ingetuonyesha hata mara moja mtu aliye upande ule wa ekrani: anakunywa kahawa, anasinzia, anakosea. Dakika 52, na yule anayetazama haonekani.

Tuna neno letu ndani ya hii kesi, hasa sisi wa Lubumbashi. Kioo cha kawaida kinazuia ile mionzi ya joto, kwa hiyo lenzi za kamera hizi mara nyingi zinatengenezwa kwa germaniumu. Na germaniumu iko kwenye teriili, ule mlima mweusi ambao kila mtoto wa hapa anauchora akiambiwa achore mji wake: mabaki ya shaba iliyoyeyushwa miaka mingi, kwanza na Union Minière, halafu na Gécamines. Mwezi wa 10 mwaka wa 2024, STL, kampuni ndogo iliyo chini ya Gécamines, ilituma mzigo wa kwanza wa germaniumu kwenda Ubelgiji, kwa Umicore. Umicore, kwa wasiojua, ni jina jipya la ukoo wa Union Minière ile ile. China ilikuwa imeanza kubana mauzo ya madini hayo tangu mwezi wa 8 wa 2023, ndiyo sababu mlima wetu umepata wapenzi ghafula. Germaniumu inaingia pia ndani ya nyaya za mwanga zinazoleta intaneti, nisiseme ubaya tu. Lakini tukiuliza kamera inatutazama kwa jicho gani, sehemu ya jibu iko pale nyuma ya bomba la Gécamines, unaiona ukiwa kwenye basi.

Kuhusu udongo, msanii wetu Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa, alielewa mapema kitu ambacho Incoming imekosa. Kwenye Mémoire, ya mwaka wa 2006, alichukua watu wa foto za ukoloni akawasimamisha ndani ya mabomo ya viwanda vya Gécamines. Hakuwatoa mahali pao; aliwarudisha pale, mahali pakaanza kuwashitakia waliopaharibu. Hakuhitaji kamera ya kilomita 30. Alihitaji kujua pale ni wapi.

Mji wetu una biennale tangu 2008, ya Picha. Kama siku moja wanaleta kazi za Mosse hapa, ningeomba wapange vyumba viwili: The Enclave kwenye cha kwanza, Incoming kwenye cha pili. Ukutani wasiweke maandishi marefu. Waalike mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi, wamlipe vizuri sawa wanavyomlipa msanii, aketi kwenye chumba cha kwanza atutajie kila kipande cha roze ni mmea gani, nani anapanda namna hiyo, na mwezi gani. Halafu tuingie naye kwenye chumba cha pili, tumuulize swali lile lile.